Virginia Apgar: mwanamke mwenye jina lake linaandikwa kwenye fishi ya kila mutoto

Mama akisha kuzala katika materniti, kwenye fishi ya mutoto wanaandika namba mbili ao tatu pembeni ya neno moja: Apgar. Inaweza kuwa 7, inaweza kuwa 9, pengine hata 10. Wakunga wanalitamka neno hilo kila siku, na wanafunzi wa uuguzi wanaulizwa juu yake kwenye mitihani. Lakini watu wengi, hata wamoja kati ya wale wanaoandika zile namba, wanafikiri ni neno tu la kitaalamu, ao jina la mashini. Hapana. Apgar ni jina la mutu, tena jina la mwanamke. Ni munganga wa Marekani aliyekufa zamani, mwaka 1974, na aliyebadilisha namna dunia inamuangalia mutoto katika dakika yake ya kwanza.

Nyumba yenye redio

Virginia Apgar alizaliwa tarehe 7 mwezi wa sita 1909, katika muji mudogo wa Westfield, jimbo la New Jersey. Alikuwa mutoto wa mwisho kati ya watatu. Kaka yake mumoja alikufa na kifua kikuu akiwa angali mutoto mudogo. Yule mwingine alisumbuliwa muda murefu na ugonjwa wa ngozi. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa mugeni katika nyumba yao, na Virginia alipofika masomo ya sekondari alikuwa amekwisha kuamua: atakuwa munganga.

Baba yake, Charles Apgar, alifanya kazi katika biashara ya asiransi, lakini akirudi nyumbani alipenda kutengeneza vitu kwa mikono yake. Aliangalia nyota, na zaidi alipenda redio. Hapa sisi watu wa redio tunapaswa kusimama kidogo. Mwaka 1915 vita ya kwanza ya dunia ilikuwa inawaka Ulaya, na Marekani ilikuwa haijaingia. Kulikuwa kituo cha mawasiliano cha Wajerumani kule Sayville, karibu na New York, chenye kilituma ujumbe ngambo ya bahari. Charles Apgar alikaa nyumbani usiku na usiku, akashika zile sauti na kuzirekodi juu ya mitungi ya nta, kama ile ya gramofoni za zamani. Serkali ya Marekani ikachukua rekodi zake, na zikasaidia kuonyesha kwamba ndani ya ujumbe wa kawaida kulikuwa ujumbe wa siri. Kituo kile serkali ikakishika mikononi mwake.

Virginia alikulia pale: katika nyumba ambamo watu walicheza muziki, walisikiliza vizuri, na hawakungojea fundi kutoka mbali ili kitu kitengenezwe.

Munganga bila makuta

Alisoma kwanza katika chuo cha Mount Holyoke, mambo ya viumbe. Familia haikuwa na makuta ya kutosha, kwa hiyo alifanya kazi ndogondogo za kila aina. Moja ya kazi hizo ilikuwa kukamata paka kwa ajili ya maabara ya chuo. Alimaliza 1929, na mwaka ule ule akaingia shule ya udaktari ya Columbia, New York. Darasa lilikuwa na wanafunzi kama 90, wanawake wakiwa 9 tu. Wiki chache kisha, soko la fedha la New York likaanguka, na umaskini ukaenea inchi yote. Virginia akakopa, akaendelea. Mwaka 1933 alimaliza akiwa wa ine katika darasa, na deni la karibu dola 4.000 juu ya kichwa chake.

Alitaka kuwa munganga wa upasuaji, na alianza kazi hiyo vizuri. Lakini mukubwa wake, daktari Allen Whipple, alimukatisha njia. Alikuwa ameona wanawake wengine wapasuaji wakikosa wagonjwa na kukosa namna ya kuishi, hasa katika miaka ile ya njaa. Aliona pia kwamba upasuaji hautaendelea mbele kama kazi ya kumulalisha mugonjwa haiendelei. Akamushauri aende kwenye kazi hiyo, ile tunaita anestezi.

Kwa kweli, siku zile anestezi haikuwa na heshima. Mara mingi ilifanywa na wauguzi, chini ya amri ya mpasuaji. Madaktari wachache waliona ni kazi ya kujifunza miaka. Virginia angeweza kukataa. Hakukataa. Akaenda Madison, jimbo la Wisconsin, kwa Ralph Waters, mumoja wa walimu wa kwanza wa kazi hiyo. Huko hata mahali pa kulala kwa daktari mwanamke hapakuwa pamepangwa, akawa anahama-hama. Kisha akaenda kwa Emery Rovenstine, katika hospitali ya Bellevue, New York.

Anestezi ilimufundisha kitu kimoja kuliko vyote: pumzi. Mutu aliyelazwa kwa dawa hajilindi. Ulimi wake unaweza kuanguka nyuma na kufunga njia ya hewa. Mwenye kumulalisha lazima ajue kufungua njia ile, kwa mukono, kwa maski, ao kwa kuingiza tuyo mpaka ndani ya koo la hewa. Ni kazi ya sekunde. Virginia aliijifunza mpaka ikawa kama kuvaa viatu.

Akapitwa, akageukia watoto

Mwaka 1938 alirudi Columbia kuongoza kitengo cha anestezi. Kichwa cha kazi kilikuwa kikubwa, lakini kwa miaka kadhaa karibu alikuwa peke yake. Wapasuaji wengine hawakutaka kuambiwa kitu na mutu wa anestezi, zaidi akiwa mwanamke. Alisukuma, akafundisha, akatafuta vijana, kidogo kidogo kitengo kikakua.

Mwaka 1949 kitengo kikapandishwa na kuwa idara kamili. Kiti cha mukuu wa idara kikapewa mwanaume, Emanuel Papper. Virginia, mwenye alikuwa amejenga ile nyumba tangu musingi, hakukipata. Alipewa cheo cha profesa, na akawa mwanamke wa kwanza kupata cheo kamili cha profesa katika ile shule ya udaktari.

Mwingine angebaki na uchungu wake. Yeye alifungua mulango mwingine: akaenda kwenye materniti, kuangalia anestezi ya mama mwenye kuzala. Njo pale alipoona kitu kilichokuwa mbele ya macho ya wote.

Watoto waliokuwa wanaachwa pembeni

Katika miaka ile, vifo vya watoto wadogo Marekani vilikuwa vimepungua sana. Maji safi, chakula, chanjo, vyote vilisaidia. Lakini vifo vya saa 24 za kwanza havikushuka kwa mwendo huo. Mutoto akitoka, macho ya wanganga yalikuwa kwa mama: damu, kondo, mishono. Mutoto alipewa muuguzi, akapelekwa pembeni. Kama alitoka wa bluu, analegea, hapumui vizuri, mara ingine aliandikwa kama aliyezaliwa amekufa, kumbe moyo ungali unapiga.

Haikuwa lazima roho mbaya. Kila mutu aliangalia kwa namna yake. Mumoja aliita mutoto muzuri, mwingine aliita mutoto yule yule muzaifu. Hakukuwa na kipimo kimoja, hakukuwa na saa ya kupima, na hakukuwa na mutu maalumu wa kuulizwa: je, huyu mutoto tunamusaidia ao tunamuacha?

Inasimuliwa kwamba asubuhi moja, wakati wa chakula katika hospitali, mwanafunzi wa udaktari alimuuliza Virginia namna gani mutu anaweza kupima hali ya mutoto mara tu akizaliwa. Alijibu ni rahisi, akachukua karatasi ya kwanza iliyokuwa karibu, akaandika mambo matano. Kisha akainuka na kwenda materniti kuyajaribu. Mwaka 1952 aliyaeleza mbele ya mukutano wa wanganga wa anestezi, na mwaka 1953 yakachapishwa.

Alama tano

Mambo yenyewe ni haya. Kila moja linapewa 0, 1 ao 2.

La kwanza, moyo: haupigi, unapiga chini ya mara 100 kwa dakika, ao unapita 100. La pili, pumzi: hakuna, ni ya polepole na zaifu, ao mutoto analia kwa nguvu. La tatu, namna anajibu akiguswa: hajibu, anakunja uso, ao anakohoa, anapiga chafya, analia. La ine, nguvu ya viungo: amelegea, amekunja kidogo mikono na miguu, ao anachezesha vizuri. La tano, rangi: wa bluu ao mweupe pe, mwili una rangi nzuri lakini mikono na miguu ni ya bluu, ao mwili wote una rangi nzuri.

Ukijumlisha unapata namba kati ya 0 na 10. Kuanzia 7 kupanda, mutoto anaendelea vizuri. Kati ya 4 na 6 anahitaji kuangaliwa na kusaidiwa. Chini ya 4 ni hatari kubwa. Mwanzoni walipima kwenye dakika moja, kisha wakaongeza kipimo cha dakika tano, ili kuona kama musaada umefanya kazi.

Virginia mwenyewe aliona kwamba kati ya yote matano, moyo njo unasema ukweli kuliko mengine, na rangi njo ina mashaka zaidi. Hili linatuhusu sisi. Rangi ya ngozi nyeusi haionyeshi bluu kwa urahisi. Kwa mutoto wa kwetu inafaa kuangalia ulimi na midomo, na tena kusikiliza moyo.

Miaka kama 10 kisha, daktari mumoja wa Marekani, Joseph Butterfield, aliona kwamba herufi za jina APGAR zinaweza kusaidia wanafunzi kukumbuka yale mambo matano. Kwa bahati zinaingia hata katika Kifaransa: apparence, pouls, grimace, activité, respiration. Njo kwa sababu hiyo wengi walifikiri ni kifupisho tu, na mwenye jina akasahaulika. Virginia alikuwa anacheka sana akikutana na watu walioshangaa kusikia kwamba Apgar ni mutu.

Tuyo ya sentimita chache

Namba peke yake haiponyi mutu. Faida yake ilikuwa kulazimisha mutu mumoja amuangalie mutoto, na kisha kufanya kitu. Na kitu cha kwanza ni pumzi.

Kuingiza tuyo katika koo la mutoto muchanga ni kazi ya zamani. Kule Paris, mwanzoni mwa karne ya 19, munganga François Chaussier alitengeneza tuyo ya chuma yenye kujipinda kwa ajili ya watoto wasiopumua. Aliyeiingiza hakuona kitu. Alifuata njia kwa kidole. Miaka mingi kisha ikaja laringoskopi, chombo chenye mukono, ulimi wa chuma na taa ndogo, kinachomuwezesha munganga kuona nyuzi za sauti, mulango wa koo la hewa.

Lakini hata ukiwa na taa, kwa mutoto muchanga ni kazi ngumu. Koo lake la hewa lina urefu wa sentimita 4 hivi tu. Tuyo yenyewe ina upana wa ndani wa milimita 2,5 mpaka 3,5, nyembamba kuliko kalamu. Ikikosa mulango, inaingia njia ya chakula, na hewa inajaza tumbo badala ya mapafu. Ikiingia sana, inateremkia upande wa kuume, kwa sababu tawi la hewa la kuume limenyooka zaidi, na pafu la kushoto linabaki bila kitu. Yote hayo yanaamuliwa katika nusu dakika, kwa mutoto anayelegea mikononi mwako.

Virginia alikuwa fundi wa kazi hiyo, na aliifundisha vijana wengi. Alikataa wazo kwamba ni kazi ya kujaribu siku ya hatari. Alitembea na laringoskopi, tuyo na kisu kidogo katika sakoshi yake, hata barabarani, kwa sababu hakutaka mutu yeyote akose pumzi mbele yake akiwa mikono mitupu.

Tangu siku zake mafundi wameongeza mengi. Mwaka 1979 kulichapishwa hesabu rahisi ya kujua tuyo iingie kiasi gani: chukua kilo za mutoto, ongeza 6, unapata sentimita kwenye mudomo. Mutoto wa kilo 3 anapata 9. Kuna kifaa kidogo kinachobadilika rangi kikipata ile hewa inayotoka mapafuni, kwa hiyo kinaonyesha kama tuyo iko kwenye njia yake. Kuna laringoskopi zenye kamera, ambazo mwalimu na mwanafunzi wanaona picha moja kwa pamoja. Lakini dalili za musingi zinabaki zile ambazo sikio na jicho vinashika: kifua kinapanda pande mbili sawasawa, hewa inasikika kushoto na kuume, na zaidi ya yote, moyo unaanza kupiga mbio. Moyo ukibaki polepole, usibishane na tuyo. Itoe, rudia kwa maski.

Na hapa iko jambo ambalo wakunga wa vijijini wanapaswa kulishika: watoto wengi hawahitaji tuyo. Karibu mutoto 1 kati ya 10 anahitaji musaada kidogo ili aanze kupumua. Wengi wao, kukaushwa vizuri, kupata joto na kusuguliwa mugongo kunawatosha. Wengine wanahitaji maski na mupira wa kukamua hewa, ile ambu. Wale wa kufika kwenye tuyo ni wachache sana.

Gazi aliyoipenda

Virginia hakusimama kwenye namba. Pamoja na wenzake Duncan Holaday na Stanley James, alianza kupima damu ya watoto waliozaliwa tu. Wengi walikuwa wanasema mutoto amezoea kukosa oksijeni tumboni, haiko shida. Vipimo vilionyesha kinyume: mutoto mwenye namba ya chini alikuwa na oksijeni kidogo na damu yenye asidi mingi. Hakuwa amezoea, alikuwa anateseka.

Kisha wakagundua jambo lililomugusa yeye mwenyewe. Kulikuwa gazi ya kulalisha mama, jina lake siklopropani. Virginia aliipenda kuliko zote, aliitumia miaka mingi. Vipimo vyake mwenyewe vikaonyesha kwamba watoto ambao mama zao walilazwa na gazi ile walitoka wazaifu zaidi. Hakutafuta maneno ya kujitetea. Aliiacha, na wengine wakamufuata.

Kutoka hospitali mpaka kwa wazazi

Mwaka 1959, akiwa amepita miaka 49, alirudi kukaa kwenye benchi, akapata diploma ya afya ya jamii katika Johns Hopkins. Hakurudi tena kwenye chumba cha upasuaji. Aliingia March of Dimes, shirika lililopigana na polio, na ambalo kisha ya chanjo ya polio lilikuwa limegeukia watoto wanaozaliwa na ulemavu. Alizunguka miji na miji, akaongea na wazazi kwa lugha nyepesi. Siku zile mutoto mwenye ulemavu alifichwa nyumbani na mama akahesabiwa kama mwenye makosa. Virginia alieleza hadharani kwamba ni ugonjwa, una sababu, na mara ingine unaweza kuzuiwa. Wakati ugonjwa wa rubela ulipopita Marekani 1964 na 1965 na kuharibu mimba mingi, alipigania chanjo. Mwaka 1972, pamoja na Joan Beck, alitoa kitabu kwa ajili ya wazazi wenye kujiuliza kama mutoto wao ni muzima.

Hakuolewa. Alipenda muziki, alipiga violini na violoncelo, na alijifunza kuzitengeneza mwenyewe pamoja na rafiki yake Carleen Hutchins. Mwaka 1957 wawili hao waliona kwamba kibao cha kibanda cha simu ndani ya hospitali kilikuwa cha mbao nzuri sana kwa chombo cha muziki. Hospitali haikutaka kukitoa. Wakaenda usiku, wakakichomoa na kuweka kingine chenye kufanana. Mutoto wa Charles Apgar hakuacha kutengeneza vitu.

Alikufa tarehe 7 mwezi wa munane 1974, kwa ugonjwa wa maini, akiwa na miaka 65, katika hospitali ile ile alimofundishwa na alimofundisha. Mwaka 1994 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye sura yake.

Mambo mawili ya kushika

La kwanza: namba ya Apgar haiko mutihani wa akili. Mutoto aliyepata 5 kwenye dakika ya kwanza na 9 kwenye dakika ya tano anaweza kukua na kusoma vizuri kama wengine. Muzazi asitishwe na namba, na asijivune nayo.

La pili: musaada haungojei namba. Mutoto asiyepumua anasaidiwa mara moja, mbele dakika haijaisha; namba inaandikwa wakati mikono iko kazini. Kwa hiyo mama, baba, bibi mwenye kusindikiza, mukiwa materniti muko na haki ya kuuliza mapema, kwa heshima: ni nani ataangalia mutoto akitoka, na ambu na maski yake viko wapi? Mambo hayo yakipangwa mbele ya kilio cha kwanza, hata mutoto mwenye kukawia kulia atakuta mutu anamungojea.